Unene na saratani ya matiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wagonjwa wenyewe, na pengine zaidi na ndugu wanaowasindikiza kliniki. Mengi huulizwa kwa sauti ya chini, mlangoni, daktari akiwa ameshaita jina linalofuata. Majibu ni ya jumla. Anayelijua faili lako ni daktari wako, na pale yanapopishana na alichokuambia, mrudie umuulize sababu.

Ni kweli kwamba mgonjwa mnene yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa?

Kwa ujumla, ndiyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikusanya tafiti 82 zilizofuatilia wanawake 213,075 waliougua saratani ya matiti. Waliokuwa na unene uliopitiliza kabla ya kugunduliwa walikuwa na hatari ya kufa kwa sababu yoyote iliyozidi kwa asilimia 41 ile ya wenye uzito wa kawaida. Kwa vifo vya saratani ya matiti yenyewe, tofauti ilikuwa asilimia 35. Kwa wale ambao uzito wao ulizidi kidogo tu, ongezeko lilikuwa dogo sana: asilimia 7 kwa vifo vyote na 11 kwa vifo vya saratani. Waliokonda kupita kiasi nao walikuwa na vifo zaidi, asilimia 10, jambo linalosahaulika haraka watu wanapoanza kuhubiriana kuhusu kupungua.

Sasa, asilimia 35 si kusema kwamba watu 35 kati ya 100 watakufa kwa sababu ya unene. Chukulia kundi la wagonjwa ambamo, kwa uzito wa kawaida, 20 kati ya 100 wangefariki kwa saratani hiyo ndani ya miaka kadhaa. Ongeza asilimia 35 ya hao 20, unapata 27. Kwa hiyo wengine 7 kati ya 100 wanahusika, na 73 bado wako hai. Kama saratani iligunduliwa mapema na hatari ya mwanzo ilikuwa 5 kati ya 100, ongezeko hilohilo linakupeleka karibu 7. Asilimia ni ileile, ila uzito wake kwa mtu mmoja ni tofauti kabisa.

Takwimu za Denmaki, zilizochapishwa mwaka 2011, zinaongeza jambo la kuvutia. Wenye BMI (kipimo cha uzito dhidi ya urefu, kinachoelezwa hapa chini) ya 30 au zaidi hawakuwa na ongezeko la saratani kurudi palepale kwenye titi au kwapani. Kilichoongezeka ni kusambaa kwenye viungo vya mbali, kwa asilimia 46 baada ya miaka 10, na vifo vya saratani ya matiti, kwa asilimia 38 baada ya miaka 30. Hapo mtu anaelewa kwamba tatizo haliko kwenye kisu cha daktari wa upasuaji. Ni jambo la mwili mzima, na linakwenda polepole.

BMI ni nini, na kuna ubaya gani kuitegemea?

Unachukua uzito wako kwa kilo, unaugawa kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 anapata 31.25. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 huitwa uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliopitiliza.

Ubaya wake ni kwamba mizani haijui kutofautisha mafuta, misuli na maji. Wanawake wawili wanaweza kuwa na BMI ya 27, mmoja ana mapaja yenye nguvu na mwingine amebeba mafuta tumboni huku misuli imeyeyuka. Ndiyo maana kiuno kinafaa kupimwa pia. Tafuta ncha ya chini ya mbavu na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, weka utepe katikati yake, pumua kawaida, soma mwishoni mwa kutoa pumzi, na usivute tumbo ndani. Kwa mwanamke, zaidi ya sentimita 88 huhesabiwa kuwa hatari iliyoongezeka sana ya kisukari na magonjwa ya moyo. Na magonjwa ya moyo si habari ya pembeni hapa: mgonjwa aliyegunduliwa mapema na kutibiwa vizuri anaweza akapona saratani, kisha moyo ukamwangusha.

Mafuta ya mwili yanahusianaje na uvimbe ulio kwenye titi?

Watu wengi hufikiri mafuta ni akiba tu iliyolala. Hayalali. Ndani ya tishu ya mafuta kuna kimeng'enya kinachoitwa aromatasi, ambacho huzigeuza homoni za kiume (kila mwanamke anazo kiasi fulani) kuwa estrojeni. Kabla ya kukoma hedhi, mchango huu ni mdogo ukilinganisha na ovari. Baada ya kukoma hedhi ovari zinanyamaza, na mafuta ndiyo yanayobaki kuwa kiwanda kikuu. Kadiri yalivyo mengi, ndivyo estrojeni inavyokuwa nyingi kwenye damu. Juu ya hapo, unene hupunguza protini inayobeba na kuifungia estrojeni kwenye damu, hivyo sehemu kubwa zaidi hubaki huru kufanya kazi. Sehemu kubwa ya saratani za matiti ina vipokezi vya estrojeni, maana yake homoni hiyo huchochea ukuaji wake.

Njia ya pili ni insulini. Mtu mwenye mafuta mengi tumboni mara nyingi mwili wake huacha kuitikia insulini vizuri, kwa hiyo kongosho linatoa zaidi na zaidi. Insulini haishughuliki na sukari peke yake. Inaziambia seli zikue na zigawanyike, na baadhi ya seli za saratani zina vipokezi vyake kwa wingi. Mwenzake, homoni iitwayo IGF-1, hufanya kazi inayofanana. Hata mtu ambaye hajafikia kisukari anaweza kuwa na insulini iliyopanda kwa miaka bila kujua.

Ya tatu ni uvimbeuchungu wa chinichini, yaani kinga ya mwili kubaki imeamka, bila homa wala maumivu. Seli za mafuta zikijaa kupita uwezo wake, baadhi hufa, na seli za kinga hujipanga kuzizunguka kama watu waliokizunguka kisima. Ukitazama tishu ya titi kwa hadubini unaziona pete hizo waziwazi. Kemikali zinazotolewa pale huamsha aromatasi zaidi, na hapo njia ya kwanza na ya tatu zinakutana. Leptini, homoni ya mafuta inayohusika na shibe, hupanda, na adiponektini, ambayo inaonekana kuwa na tabia ya kukinga, hushuka.

Mimi bado napata hedhi. Nilisoma mahali kwamba unene unakinga saratani ya matiti kwa wenye umri mdogo.

Uliyosoma yana ukweli wake, ila yanajibu swali lingine. Uwezekano wa kupata saratani ya matiti kabla ya kukoma hedhi kweli huonekana kuwa mdogo kwa wanawake wanene. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilipotaja aina 13 za saratani zinazohusishwa na mafuta mengi mwilini, saratani ya matiti iliingizwa kwa waliokoma hedhi tu.

Lakini ukishaugua, kinga hiyo haipo tena. Katika uchambuzi uleule wa 2014, unene uliopitiliza uliendana na ongezeko la vifo vyote la asilimia 75 kwa waliogunduliwa kabla ya kukoma hedhi, na asilimia 34 kwa waliokoma. Isitoshe, kwa vijana unene umehusishwa na aina isiyo na vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni wala HER2 (protini inayochochea seli kukua), ambayo ni kali na ina dawa chache.

Je, wagonjwa wanene hupewa dozi kamili ya kemo (dawa za kuua seli za saratani)?

Wanapaswa kupewa. Kama ningelazimika kuchagua swali moja tu la ukurasa huu, ningechagua hili, kwa sababu hapa tatizo halimo mwilini mwa mgonjwa, na linaweza kurekebishwa asubuhi ileile dawa inapoandikwa.

Dozi za dawa nyingi za kemo hukokotolewa kwa eneo la ngozi ya mwili, ambalo hupatikana kutokana na urefu na uzito. Kwa miaka mingi madaktari wengi, kwa kuogopa sumu, walikuwa wakiliwekea kikomo: ukizidi mita za mraba 2, unahesabiwa 2. Tufanye hesabu. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 165 na kilo 110 ana takriban mita za mraba 2.24. Doksorubisini, mojawapo ya dawa hizo, ikipangwa miligramu 60 kwa kila mita ya mraba, anastahili kama miligramu 135. Akiwekewa kikomo cha 2, anapata 120. Amepoteza asilimia 11 ya dawa kila mzunguko, na hakuna aliyemwambia.

Chama cha wataalamu wa saratani cha Marekani, ASCO, kilitoa mwongozo mwaka 2012 kikipendekeza dozi kamili kulingana na uzito halisi wa mgonjwa, hasa pale lengo ni kuponya, na kikaurudia mwaka 2021. Ushahidi uliopitiwa haukuonyesha kwamba wanene wanaopewa dozi kamili huumia zaidi kuliko wengine. Ipo sababu halali ya kupunguza dozi, kama figo, ini, moyo au chembe nyeupe za damu zilizoshuka baada ya mzunguko uliopita, na hizo hutumika kwa mgonjwa yeyote. Uzito peke yake haumo. Kwa hiyo una haki ya kuuliza: "Daktari, dozi hii imekokotolewa kwa uzito wangu halisi?" Ni swali la adabu kabisa, na daktari mzuri atalijibu kwa namba.

Kuna uwezekano kwamba sehemu ya vifo vilivyohesabiwa kwa jina la unene katika tafiti za zamani ilitokana na wagonjwa hao kupewa dawa pungufu. Ni ngumu kutenganisha mambo hayo mawili, lakini ningemtilia shaka mtu anayelaumu mafuta bila kwanza kuangalia cheti cha dawa.

Na vidonge vya kuzuia homoni vinafanya kazi kwa mtu mnene?

Vinafanya kazi. Tamoksifeni hutolewa kwa dozi moja ya kawaida, miligramu 20 kwa siku, bila kujali uzito. Kundi la pili, yaani anastrozoli, letrozoli na eksemestani, huzuia ile aromatasi tuliyoitaja, na hapo ndipo swali linapoingia: mwenye mafuta mengi ana aromatasi nyingi zaidi ya kuzuiwa. Uchambuzi wa jaribio kubwa la ATAC, lililolinganisha anastrozoli na tamoksifeni kwa waliokoma hedhi, ulionyesha kwamba wanene saratani iliwarudia zaidi, na kwamba anastrozoli iliwazidishia faida kidogo kuliko ilivyowazidishia wembamba.

Hiyo si sababu ya kuacha kidonge au kujiongezea dozi. Kinachowaangusha wagonjwa wengi ni kukiacha baada ya mwaka mmoja au miwili kwa sababu ya viungo kuuma, wakati tiba imepangwa iwe ya miaka mitano na wakati mwingine kumi. Viungo vikiuma, sema. Kuna kubadilisha dawa, na mazoezi yenyewe husaidia maumivu hayo.

Kuhusu upasuaji na mionzi?

Kidonda huchelewa kupona kidogo na maambukizi huwa mengi zaidi, hasa kwa wanaotengenezewa titi jipya. Titi kubwa huunguzwa zaidi na mionzi kwenye mikunjo ya chini. Mambo haya hupangiwa mapema, hayazuii tiba.

Linalodumu ni kuvimba mkono baada ya tezi za kwapani kuondolewa au kupigwa mionzi, ambako unene ni mojawapo ya vichochezi vinavyojulikana vizuri zaidi. Pete ikianza kubana, mkono wa nguo ukaacha alama, au mkono ukahisi mzito jioni, usisubiri uvimbe uonekane kwa jirani. Ukiwahi, hudhibitiwa.

Kwa nini wanene hugunduliwa wakiwa wamechelewa?

Uvimbe mdogo ni mgumu kushikika kwenye titi kubwa, hilo ni kweli. Lakini kwenye picha ya mamografia mafuta huonekana meusi na uvimbe huonekana mweupe, kwa hiyo titi lenye mafuta mengi husomeka vizuri kuliko lenye tishu nzito. Kifaa basi hakina lawama.

Sehemu ya lawama iko kwenye mapokezi. Mwanamke aliyekwenda na malalamiko ya goti akaambiwa apungue, akaenda na kikohozi akaambiwa apungue, siku ya kugundua kivimbe atasita. Mashine ikikosa kumtosha, gauni la kliniki likikataa kufunga, mhudumu akisema neno mbele za watu, hatarudi kwa miaka. Hili nalihesabu kuwa sehemu ya sababu za vifo, hata kama halipimwi kwa damu.

Nimeongezeka kilo nyingi tangu nianze matibabu. Ni tamoksifeni?

Wengi wanaamini hivyo, lakini majaribio yaliyolinganisha tamoksifeni na kidonge bandia hayakuonyesha tofauti ya maana ya uzito. Washukiwa wengine wana hatia zaidi. Deksamethasoni, inayotolewa kupunguza kichefuchefu na mzio, huongeza hamu ya kula na kupandisha sukari. Uchovu humfanya mtu akae. Kemo inaweza kusimamisha hedhi ghafla kwa mwanamke wa miaka 40, na mwili ukapita mabadiliko ya miaka kadhaa ndani ya miezi. Wengine hula ili kutuliza kichefuchefu, na wengine huletewa chakula na kila anayekuja kuwajulia hali, kwa upendo, na kukataa inakuwa utovu wa adabu.

Uchambuzi wa mwaka 2015 uliwaangalia walioongezeka uzito baada ya kugunduliwa. Walioongezeka asilimia 10 au zaidi walikuwa na hatari ya vifo vya sababu zote iliyozidi kwa asilimia 23. Kwa mwenye kilo 70, hiyo ni kilo 7. Ongezeko la kilo mbili au tatu halipaswi kukukosesha usingizi, ila ni vizuri kulisimamisha hapo.

Nianze kupunguza uzito nikiwa kwenye kemo?

Kujinyima, hapana. Katika wiki hizo mwili unajenga upya chembe za damu, ngozi na utando wa tumbo, na unahitaji protini. Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa saratani hutaja isiyopungua gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ingawa kwa mtu mnene sana mtaalamu wa lishe hurekebisha hesabu. Mifungo mirefu, juisi za "kusafisha mwili" na dawa za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni ziache kabisa. Baadhi huingiliana na dawa kwenye ini. Lengo linalofaa kipindi hiki ni kutoongezeka, kutopoteza misuli, na kutembea kila siku kadiri nguvu zinavyoruhusu. Ukiona unapungua bila kukusudia, toa taarifa.

Nikimaliza tiba nikapungua, nitaishi zaidi?

Hapa inabidi kwenda polepole. Kuonyesha kwamba wanene hufariki zaidi ni jambo moja. Kuonyesha kwamba aliyenenepa akipungua anarudi kwenye hatari ya mwembamba ni jambo lingine, na linahitaji majaribio ya kuwagawa watu kwa kura.

Majaribio mawili ya Marekani yanafaa kuwekwa bega kwa bega. La kwanza, WINS, lilikuwa na wanawake 2,437 waliokoma hedhi. Kundi moja lilipunguza mafuta kwenye chakula, na likapungua kilo mbili na ushee kuliko jingine. Baada ya miaka mitano, saratani ilirudi mara chache zaidi kwa asilimia 24, ingawa kitakwimu matokeo yalikuwa karibu na mpaka wa kubahatisha. La pili, WHEL, lilikuwa na wanawake 3,088, na kundi moja kati yao lilikula mboga, matunda na nyuzinyuzi kwa wingi kweli, kwa miaka. Uzito wa kundi hilo haukupungua. Matokeo yaliyochapishwa 2007 hayakuonyesha tofauti yoyote ya kurudi kwa saratani wala ya vifo. Wapo wanaosoma hapo kwamba kilichofanya kazi ni kupungua na si mboga. Ni tafsiri inayoingia akilini, lakini majaribio hayo hayakuundwa kuthibitisha hilo.

Kwa swali hilo hasa liliundwa jaribio la BWEL, likiongozwa kutoka taasisi ya saratani ya Dana-Farber, Boston, na kuandikisha zaidi ya wanawake 3,000 wa Marekani na Kanada wenye BMI ya 27 au zaidi. Nusu yao walipewa mkufunzi wa afya wa kuongea nao kwa simu kwa miaka miwili. Baada ya mwaka mmoja kundi hilo lilikuwa limepungua karibu asilimia 5 ya uzito, na kundi la kulinganisha limeongezeka kidogo. Naona hapo somo la kazi: simu ilitosha, haikuhitaji kliniki ya kifahari.

Kwa hiyo nisingemwahidi mgonjwa kwamba kila kilo inayoondoka inanunua miezi kadhaa. Ningemwambia kwamba kupungua asilimia 5 hadi 10, kwa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, kunashusha insulini, shinikizo la damu na maumivu ya magoti, na hayo ni mambo anayoyaona mwenyewe ndani ya miezi.

Nimeambiwa nisihangaike na kilo, nihangaike na misuli. Kivipi?

Aliyekuambia hivyo anajua kazi yake. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya wanawake 3,241 wenye saratani ya matiti ya hatua ya pili na ya tatu, ambao picha zao za CT (eksirei za tabaka kwa tabaka) zilitumika kupima misuli na mafuta. Theluthi moja walikuwa na misuli iliyopungua kupita kiasi, na hatari yao ya kufa ilizidi kwa asilimia 41. Waliokuwa na mafuta mengi walizidi kwa asilimia 35. Waliokuwa na vyote viwili, misuli kidogo na mafuta mengi, walizidi kwa asilimia 89. BMI yenyewe haikutabiri kitu.

Kinachotisha ni kwamba mtu wa kundi la mwisho anaweza kuonekana "amejaa vizuri", ndugu wakamsifu. Jipime nyumbani: kaa kwenye kiti imara, kunja mikono kifuani, simama na ukae bila kujisukuma. Mara tano za kwanza zikiwa taabu, mapaja yanahitaji kazi. Zoezi ni lilelile: simama na ukae, mara nane hadi kumi, pumzika, rudia, siku mbili au tatu kwa wiki. Linaonekana la kitoto mpaka ulifanye.

Niliambiwa nisinyanyue kitu kwa mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji.

Ushauri huo ulikuwa wa kawaida zamani. Mwaka 2009 jaribio la wanawake 141 ambao mkono ulikuwa umeshavimba lilionyesha kwamba kunyanyua vyuma taratibu, kwa kupanda kidogokidogo na chini ya usimamizi, hakukuongeza uvimbe. Nguvu ziliongezeka na dalili zikapungua. Anza na uzito mdogo mno, ongeza polepole, na vaa mkono wa kubana kama umeandikiwa.

Kwa mwili mzima, WHO inapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba, na siku mbili za kuimarisha misuli. Anayeanzia sifuri aanze na dakika kumi.

Sukari inalisha saratani?

Kila seli hutumia sukari, na ukiacha kuila ini litaitengeneza. Tatizo la vinywaji vitamu ni kalori na insulini. Vipunguze kwa sababu hiyo, lakini kijiko kimoja kwenye chai hakiamshi uvimbe.

Metformini? Zile sindano za kupunguza uzito?

Metformini, dawa ya kisukari, ilileta matumaini makubwa kwa sababu inashusha insulini. Jaribio la MA.32, lenye wagonjwa 3,649, lilitoa jibu mwaka 2022: kwa wasio na kisukari, haikupunguza kurudi kwa saratani ya matiti. Kama una kisukari na umeandikiwa, endelea. Usiinunue kwa ajili ya saratani.

Semaglutidi na ndugu zake zinapunguza uzito kweli. Katika jaribio la mwaka 2021 wastani ulikuwa karibu asilimia 15 baada ya wiki 68. Lakini majaribio yaliyozipatia umaarufu hayakulenga wagonjwa wa saratani, na sehemu ya kilo zinazopotea ni misuli, ambayo tumeona ina thamani gani. Ni uamuzi wa daktari wa saratani na daktari wa kisukari wakiwa wanaongea, na usianze katikati ya kemo kwa sababu kichefuchefu kitakuwa juu ya kichefuchefu.

Saratani ya mama imeshasambaa. Apungue?

Hapana. Katika hatua hiyo uhusiano wa unene na muda wa kuishi hauko wazi kama kwa waliogunduliwa mapema, na kupungua bila kukusudia ndiyo dalili ya kuogopwa. Mama ale anachoweza, atembee anavyoweza, na asiwekewe masharti ya chakula yanayomwondolea raha bila kumpa kitu.

Niulize nini kliniki?

Ulizia kama dozi yako imekokotolewa kwa uzito halisi, na kama kuna sababu yoyote ya kuipunguza. Ulizia moyo utapimwa lini, hasa ukipewa doksorubisini au trastuzumabu (dawa inayolenga HER2), kwa kuwa unene huongeza uwezekano wa kudhurika. Sukari, shinikizo na lehemu vimepimwa lini mara ya mwisho? Kuna mtaalamu wa lishe au wa viungo wa kukuelekeza? Na kama miadi nzima imeishia kwenye mizani, mwombe daktari mrudi kwenye majibu ya vipokezi, hatua ya ugonjwa na ratiba ya tiba, kisha uzito mtauongelea miadi ijayo.